Ruta ya miwani ya VR: usitoe dola kabla hujaangalia matundu ya waya

Tangu niliposifia Quest 3, miwani ya VR ya kampuni ya Meta, ujumbe unaoingia kwenye simu yangu ni ule ule: picha inakwama. Kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi, inakwama akigeuza kichwa. Mwingine wa Bel-Air anaona vimraba kila gemu inapoingia msituni. Dada mmoja wa Likasi alishabadilisha hadi kadi ya grafiki, pesa nzuri kabisa, na bado inakwama. Wote wananiuliza wanunue miwani gani nyingine. Wasinunue yoyote, miwani yao ni mizima. Nilipowaomba wanipigie picha ya boksi la ruta na ya mgongo wake, karibu wote walikuwa na kitu kimoja: mbele pameandikwa 1200 kwa tarakimu za kuvutia macho, nyuma matundu ya waya ni ya 100, zote zikihesabiwa kwa megabiti kwa sekunde.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa ruta. Antena ngapi, inafunika nyumba kubwa kiasi gani, inafungwaje kwa simu, hayo mtayasoma kwingine, na kwa mtu anayecheza VR hayana uzito. Mimi nataka tuzungumzie tundu.

Ukicheza gemu za kompyuta kwenye miwani bila waya, kompyuta yako inachora picha, kwa kawaida 72 au 90 kila sekunde. Inazibana kama video na kuzipitisha kwenye waya mpaka kwenye ruta, ruta inazirusha hewani, miwani inazipokea na kuzifungua. Ukicheza kwa 90, kila picha ina milisekunde 11 tu kabla nyingine haijaidai nafasi. Intaneti haimo katika safari hiyo. Nasema hivi kwa sababu kuna wanaosubiri kwanza wafunge Starlink, sasa ilivyopata leseni huku Kongo mwezi wa Mei 2025. Setilaiti itakusaidia kupakua gemu, na gemu moja kubwa hupita GB 50, lakini picha unayocheza nayo haitoki chumbani mwako. Ruta ya VR haihitaji hata kadi ya simu. Kisanduku chako cha 4G kibaki pale pale kilipo, ukiunganishe kwa waya kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti) la ruta mpya, basi.

Safari hiyo ina vipande viwili, waya na hewa, na kila mtu anaangalia hewa. Ile 1200 ya kwenye boksi la ruta ya Wi-Fi 5 (kizazi kilichotangulia Wi-Fi 6) ni jumla ya 300 za bendi ya 2.4 GHz na 867 za bendi ya 5 GHz, zikakadiriwa kwenda juu. Miwani inatumia bendi moja kwa wakati, kwa hiyo kwako wewe ni 867. Hata hizo zingetosha! Tatizo ni kwamba kabla ya kufika hewani, picha zinapita kwenye tundu la 100, na tundu la 100 likiwa zima kabisa linapitisha kama megabiti 94 kwa sekunde. Programu kama Virtual Desktop, ya kupeleka picha za kompyuta kwenye miwani, inakuruhusu kupandisha video ya HEVC au AV1 (namna mbili za kubana video) hadi megabiti 200. Ukiweka 150, zinapanga foleni kwenye waya, nyingine zinafika zimechelewa, nyingine hazifiki, na wewe unasikia kichefuchefu. Ukishusha hadi 50 au 60 zinapita, lakini mahali penye giza au majani mengi kila kitu kinakuwa bukari.

Na kinachowapoteza watu ni namba ya ndani ya miwani yenyewe. Virtual Desktop inaonyesha kasi ya mtandao, nao wananitumia picha ya skrini: «Angalia mama, 867!» Hiyo ni kasi ya kutoka kwenye ruta hadi kwenye miwani. Miwani haijui hata kama upande wa pili kuna waya. Ukweli uko kwenye kompyuta: fungua mipangilio ya mtandao, bonyeza Ethernet, shuka mpaka kwenye kasi ya kiungo. Ukikuta 1000/1000, ruta yako haina kosa, tafuta kwingine. Ukikuta 100/100, usiguse kadi ya grafiki, usiguse miwani.

Lakini hata hapo usikimbilie kuitukana ruta. Gigabiti, yaani hiyo 1000, inahitaji nyuzi zote nane za waya. Mia inahitaji nne tu. Waya nyingi zinazouzwa mjini zimebanwa kwa mkono na fundi wa palepale, na uzi mmoja usipogusa vizuri, kompyuta na ruta vinakubaliana kimyakimya kushuka hadi 100 bila kukuambia kitu. Kile kichwa cha waya ni cha plastiki angavu. Kiinue kwenye mwanga uhesabu: rangi nane, kila moja imefika mpaka mwisho chini ya jino lake la shaba. Nilionyeshwa mmoja ambao uzi wa kahawia uliishia nusu ya njia, na mwenyewe alikuwa ameutumia mwaka mzima. Kwenye ngozi ya waya tafuta maandishi CAT5E au CAT6. Na wenye laptop isiyo na tundu la waya, adapta ya USB ya bei ya chini kabisa huwa nayo ni ya 100. Dai ya USB 3 iliyoandikwa gigabiti.

Sasa ruta zenyewe. Napenda TP-Link na sifichi. Hakuna anayenilipa. Ukurasa wake wa mipangilio unapatikana kwa Kifaransa, na karatasi ya maelezo ya kila aina iko wazi mtandaoni, unaona tundu ni la ngapi hata kabla hujatoka nyumbani.

1. TP-Link Archer AX23

Hii ndiyo ninayomwambia kila mtu. Wi-Fi 6, megabiti 1201 kwenye 5 GHz, na matundu yote matano, moja la WAN na manne ya LAN (ya kompyuta na vifaa vya nyumbani), ni gigabiti. Inatumia volti 12, kwa hiyo ile betri ndogo ya ruta inayouzwa mjini inaibeba, na kuranti ikikatika haizimi. (Kompyuta itazima, hilo najua. Na wenye laptop za gemu wasijidanganye, ikiwa kwenye betri inapunguza nguvu ya kadi ya grafiki mpaka hamu ya kucheza inaisha.) Ila ruta inabaki imewaka, na kisanduku cha 4G kikiwa na betri pia, ndugu zako wanaendelea na WhatsApp.

Kwa nini siiweki ile kubwa zaidi juu ya hii? Kwa sababu ya kuranti, nitaeleza hapo chini.

2. TP-Link Archer AX55

Megabiti 2402 kwenye 5 GHz, matundu ya gigabiti, na nguvu zaidi ya kubeba vifaa vingi kwa pamoja. Hizo 2402 unazipata tu ukipanua chaneli, ile njia ya hewani, hadi MHz 160. Na hapa ndipo mji wetu unapoingia. Chaneli pana hivyo, ikianzia 36, lazima imeze pia 52 hadi 64, ambazo zinatumiwa na rada. Kwa kanuni, ruta ikiwashwa inapaswa kunyamaza na kusikiliza kwanza angalau dakika nzima kama kuna rada, ndipo irushe. Kuranti ikicheza nenda-rudi jioni nzima, kila inaporudi bendi ya 5 GHz haionekani kwa muda, miwani inajikamata kwenye 2.4 GHz, na mtu ananiandikia kwamba ruta ya bei kali ni mbovu. Weka MHz 80 kwenye chaneli ya 36, 40, 44 au 48, tatizo linaisha. Lakini ukiiweka hivyo, kasi yake inarudi kuwa kama ya AX23, sasa dola za ziada zimefanya nini? Inunue kama nyumba ina watu wengi na simu nyingi, au kama una betri ya kuaminika.

3. Xiaomi AX3000T

Kwa karatasi inalingana na AX55 kwa bei ndogo, na matundu yake ni gigabiti. Ninaiweka ya tatu kwa sababu nilizoziona hapa ni za soko la China: plagi ya meno bapa, na mipangilio kwa Kichina. Ukipata toleo la kimataifa lenye boksi la Kiingereza, chukua bila wasiwasi.

4. TP-Link Archer C6 au C64

Wi-Fi 5, lakini matundu ni gigabiti. Mwenye Quest 2 zinamtosha. Ona jambo hili: nayo pia imeandikwa 1200 kwenye boksi, sawasawa na zile mbovu.

Za bei ya chini: Archer C20, Archer C50, Tenda AC6, Mercusys AC12. Matundu ya 100. Ndiyo, mbili ni za TP-Link, na inaniudhi kuliko inavyowaudhi ninyi. Kwa kuangalia video kwenye simu hazina ubaya wowote.

Zile za bendi ya 6 GHz, kama Archer AXE75, Quest 3 na 3S zinazishika, Quest 2 na Pico 4 (miwani ya kampuni nyingine) hapana. Hewa ya 6 GHz ni safi, ila ukuta unaishinda haraka, na nyumba za zamani za mjini zina matofali ya kuchoma mazito. Hata ya 5 GHz inachoka ikivuka ukuta mmoja wa namna hiyo. Kwa hiyo ruta yoyote utakayochukua, ikae chumba kile kile unachochezea, juu ya kabati, ikuone. Kompyuta kwa waya, miwani peke yake kwenye 5 GHz, na bendi hiyo ipe jina tofauti na la 2.4 ili miwani isirukeruke. Usimpe mtoto yeyote neno la siri la bendi hiyo.

Programu: anza na Steam Link, ni ya bure na iko kwenye duka la Quest tangu mwisho wa 2023. Ikikuridhisha, baki hapo. Virtual Desktop ni ya kulipia, na mimi ndiyo ninayoitumia kwa sababu inaniruhusu kuchagua mwenyewe namna ya kubana video na kuona ucheleweshaji ukipanda. AV1 inataka Quest 3 au 3S pamoja na kadi mpya, kwa upande wa Nvidia kuanzia RTX za mfululizo wa 40. Wengine wabaki na HEVC.

Kwa wasio na miwani bado: Quest 3 kama pesa ipo, lenzi zake ni safi mpaka pembeni. Quest 3S ina chipu ile ile lakini lenzi za mtindo wa Quest 2, na Marekani ilitoka kwa dola 299 mwaka 2024. Ukinunua iliyotumika, mwambie muuzaji aifute mbele yako na uingie kwa akaunti yako kabla hujatoa pesa. PS VR2, miwani ya PlayStation, hata ukiwa na adapta yake ya kompyuta iliyotoka 2024, inabaki na waya, hata kama kijana wa dukani anaapa. Na miwani yoyote, isiachwe dirishani: jua letu la kiangazi likipita kwenye lenzi linachoma skrini ndani.

Nimalizie na wauzaji, maana wamenichosha. Nimeingia duka moja katikati ya mji, nikauliza matundu ya ruta ni ya ngapi. Kijana akanijibu: «Mama, hii iko ya muzuri kabisa, inatokea ku Dubai.» Sikuuliza inatoka wapi. Nikaomba tuifungue tusome kibandiko cha chini, akakataa, boksi likifunguliwa haliuziki. Boksi lenyewe utepe wake ulikuwa umeshabanduliwa na kurudishwa. Bei haijaandikwa popote, anakuangalia viatu kwanza. Halafu ukitoa noti ya dola yenye mchaniko mdogo pembeni kama kucha, anaigeuza, anaipeleka kwenye taa, anaikataa. Na chini ya risiti kuna muhuri: bidhaa iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Balbu ya bei ya mkate wanakuwashia mbele ya macho yako kabla hujalipa, ila ruta uchukue kwa imani.

Basi fanyeni hivi. Tafuteni jina kamili la ruta mtandaoni kabla ya kwenda, pamoja na namba ya toleo iliyo kwenye kibandiko, kwa sababu jina moja linaweza kuwa na V1, V2, V3 zenye vitu tofauti ndani. Kwenye boksi tafuteni neno Gigabit karibu na mchoro wa matundu. Mkiona 10/100, au msipoona kitu, hesabuni ni 100. Bebeni laptop yenye tundu la gigabiti na waya mliohesabu nyuzi zake, mchomeke palepale kaunta, msome kasi ya kiungo. Inachukua muda mfupi kuliko yeye anavyotumia kukagua noti zenu. Akikataa, mwacheni na boksi lake, na mkipata duka linalokubali niandikieni nilitaje hapa.