Rimoti ya pampu ya kuoshea madirisha: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kama unaosha madirisha ya maghorofa hapa Kampala kwa fimbo ndefu ya brashi na maji ya kuchujwa, shida unaijua. Pampu iko ndani ya gari pale parking, wewe uko nyuma ya jengo na hosi mita 60, ukitaka kuzima maji uhamie dirisha lingine inabidi ulaze fimbo utembee mpaka kwa gari, ama umpigie kelele kijana wa kazi ambaye saa hiyo hiyo ameenda kununua rolex (chapati ya mayai). Na yanayomwagika si maji ya bomba hayo, yamepita machujio ya membreni na resini mpaka mita ya TDS, ile inayopima chumvi na madini kwenye maji, ikasoma 000. Pampu ikimwaga lita 2 kwa dakika, dakika tano tu nusu jerikeni imeenda.

Nimeshafunga aina kadhaa, zangu na za wenzangu. Hivi ndo naziweka.

Ya kwanza, na iko mbali sana na zingine: risiva (kipokezi) ya redio ya 433 MHz, ya volti 12, na karimoti kake ka kuning'iniza kwa funguo. Haitaki simu, haitaki bando, inakula umeme kiduchu ikisubiri, na ikifa unanunua nyingine bila kulia. Muuzaji akitaja bei inayokaribia batri ya gari ondoka, huyo amekuona mgeni. Umbali wanaoandika kwenye boksi ni wa uwanja mtupu, ukuta wa zege unakata sana, kwa hivo hakikisha antena yake ambayo ni kiwaya cha sm 17 hivi haijakunjwa ndani ya kopo la chuma, itoe nje.

Lakini sikia, kuna kitu kimoja wauzaji hawakuambii. Rimoti ya kitufe kimoja (bonyeza iwake, bonyeza tena izime) USINUNUE. Nilianza na hiyo, nikawa naosha jengo moja Nakasero, nikabonyeza kuzima, nikaona kama haijashika nikabonyeza tena, kumbe ya kwanza ilishashika na maji yaliyobaki kwenye hosi ndo yalikuwa bado yanatoka. Nikaweka fimbo chini nikaenda kuongea na keyteka, msimamizi wa jengo, mambo ya malipo. Askari akaja mbio, "Mzee, maji yako yanaingia kwa lifti!" Siku hiyo nilipiga deki bure mpaka saa moja jioni. Sasa nataka vitufe viwili, kimoja cha kuwasha tu na kingine cha kuzima tu, ukibonyeza kuzima mara kumi bado imezima. Nilirudi dukani nikamwambia yule bwana akanijibu, "Ssebo, zote ni sawa." Si sawa. Risiva nyingi zina hali tatu unazichagua kwa kubonyeza kitufe kidogo cha ndani, mwambie akuwekee hiyo ya kitufe cha kuwasha na cha kuzima pale pale mbele yako na ujaribu kwa taa.

Alafu usipitishe umeme wa pampu moja kwa moja kwa karili ka risiva, kale kaswichi ka umeme ka ndani yake. Kameandikwa ampia 10 lakini pampu ya psi 100 inakula kama 5 mpaka 8 ikisukuma, na ikianza inaruka juu ya hapo, baada ya miezi michache kanaungua ama kanaganda, na kakiganda pampu haizimiki tena. Nenda Kisekka, soko la spea za magari, uchukue rili ya gari ya ampia 30 au 40 na soketi yake. Pini 30 inatoka batri kupitia fyuzi (namba ya fyuzi fuata kibandiko cha pampu), 87 inaenda kwa pampu, 86 inatoka risiva, 85 ni negativu. Na kadayodi ka 1N4007 katikati ya 85 na 86, mstari wake uangalie 86, kanailinda risiva rili inapokata.

Wenye kontrola ya spidi, jaribu hivi kabla hujakata waya: zima swichi kubwa uwashe tena. Pampu ikianza yenyewe kwa spidi ile ile, rili ikae kabla ya kontrola. Ikisubiri uibonyeze, rili itakaa kati ya kontrola na pampu, ila risiva, na umeme inaoupeleka 86, vitoke batri moja kwa moja, visichote kwa waya wa pampu.

Ya pili ni koki ya kwenye fimbo. Eti si rimoti, najua, lakini ukiwa na pampu yenye swichi ya presha unafunga koki, presha inapanda, pampu inajikata. Ubaya wake hosi inabaki imejaa presha, na joint mbovu itafyatuka tu.

Ya tatu, kontrola za kiwandani zinazokuja na rimoti yake, nyingi zinatoka Uingereza. Ni nzuri, sina neno, ila usafiri na ushuru vinauma, na gari moja haihitaji hiyo.

Bluetooth na Wi-Fi mimi siziwezi. Simu na mikono iliyolowa, skrini haisikii, na Bluetooth ya kawaida inafika kama mita 10 tu. Zile za Wi-Fi zinazopitia intaneti, kumbuka Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilivyozimwa nchi nzima.

Mwisho kabisa ni ya laini ya simu, unaipigia inawasha. Umbali hauna mwisho, lakini laini isajiliwe kwa kitambulisho, iwekwe airtime isije ikafungwa, na unangoja sekunde kadhaa network itafute njia wakati maji yanamwagika. Hiyo ni ya pampu ya kisima kijijini.

Ukishanunua ile ya kwanza chukua karimoti ka pili siku hiyo hiyo, kafundishwe kwa risiva hiyo hiyo, kakae kwa dashibodi. Ka kazini kafunge kwa kaveera (kamfuko ka plastiki) uvae shingoni, mfukoni kataloa. Ukifungua ndani mara nyingi utakuta kabetri ka volti 12, 23A au 27A, na hizo mbili haziingiliani, kwa hivo beba ka zamani uende nako dukani.