E6B ya mkono: kagua ribiti kabla ya kulipa

Ukishika dukani E6B mpya, yaani kikokotoo cha mkono cha marubani chenye diski ya kuzungusha upande mmoja na bamba la kuteleza lenye mchoro wa upepo upande wa pili, weka bei kando kwanza. Zungusha diski mpaka 10 ya ndani ikae sawasawa na 10 ya nje, kisha pitisha macho duara zima: 20 na 20, 35 na 35, 50 na 50, 80 na 80. Kila mstari uungane na mwenzake kana kwamba imechorwa kwa mkupuo mmoja. Ikiwa 10 zimekutana vizuri lakini mahali pengine mistari imepishana, ribiti, yaani pini inayoshika diski, haikukaa katikati, na hakuna fundi atakayeirekebisha. Kwenye diski yenye mzingo wa sentimita 30, kupishana kwa milimita moja ni kosa la karibu asilimia 0.8. Ubaya wake ni kwamba kosa lenyewe hubadilika kadiri diski inavyozunguka, kwa hiyo huwezi hata kulizoea. Irudishe, uombe nyingine.

Jaribio la pili ni la bamba. Simamisha kifaa wima, uachilie. Bamba likishuka lenyewe, limelegea, na siku ya kazi litateleza kabla hujasoma jibu. Halafu livute kutoka kasi ndogo hadi kubwa ukitazama kitundu cha katikati: mstari mkuu upite chini yake wakati wote, usihame kushoto wala kulia.

Kuhusu malighafi, alumini inashinda kwa mbali. Ni ghali na uso wake hung'aa juani, lakini haibadiliki umbo. Plastiki ni nyepesi na husomeka vizuri, ila ukiisahau juu ya dashibodi ya ndege iliyoegeshwa juani hupinda, na diski iliyopinda hukwama nusu mzunguko. Ya karatasi ngumu inatosha kwa mwanafunzi wa miezi ya mwanzo. Hunyonya unyevu, na raba hula mistari yake taratibu. Zile ndogo za mfukoni hatuzipendekezi kwa safari za kweli, maana mistari ikibanana jicho hukosea zaidi.

Aliyeibuni E6B alikuwa Philip Dalton, Mmarekani aliyezaliwa 1903 na kusoma Cornell. Aliingia jeshi la nchi kavu kama afisa wa mizinga, akajiuzulu, na tangu 1931 akawa rubani wa akiba wa Jeshi la Wanamaji. Upande wa pili wa maisha yake ulikuwa uhandisi na biashara: pamoja na P. V. H. Weems, afisa wa wanamaji aliyekuwa bingwa wa uongozaji wa safari, walibuni na kuuza vikokotoo vya marubani, wateja wakiwa majeshi na mashirika ya ndege ya abiria. Diski ya upande wa mbele inatokana na kifaa chake cha 1933. Mchoro wa upepo mwanzoni ulikuwa kwenye mkanda wa kitambaa usio na mwisho, uliozungushwa kwa kitufe ndani ya kisanduku. Kikosi cha anga cha jeshi la Marekani kikaona kisanduku hicho ni ghali mno kutengeneza. Mwaka 1937 Dalton akakibadili kuwa bamba bapa, gumu. Kwa maoni yetu hilo ndilo lililoipa E6B umri wake mrefu: hakuna mkanda wa kukatika wala gia ya kulika. Ilifika jeshini 1940. Dalton alifariki 1941 ndege yake ilipoanguka, akiwa na mwanafunzi wakifanya mazoezi ya spini (ndege kushuka huku ikizunguka), kabla ya oda kubwa iliyokuja baada ya shambulio la Wajapani kule Pearl Harbor. Zaidi ya 400,000 zilitengenezwa wakati wa vita.

Sasa matumizi. Upande wa diski unataka nidhamu ya kusoma. Katika nyingi, kati ya 10 na 15 kila kistari ni 0.1, kati ya 15 na 30 ni 0.2, hadi 60 ni 0.5, kisha 1. Wanaokosea huvuka 15 wakiendelea kuhesabu 0.1. Pia kifaa hakitoi nukta ya desimali: 21.3 na 213 ni mahali pamoja, hivyo kadiria jibu kichwani kwanza. Kwa mfano, ndege inayokunywa lita 32 kwa saa itatumia ngapi kwa dakika 40: weka mshale wa 60 chini ya 32, nenda 40 ya ndani, juu yake soma lita 21.3.

Kwa kasi halisi hewani, linganisha joto na mwinuko wa shinikizo (mwinuko unaopimwa kwa shinikizo la hewa) kwenye dirisha dogo la diski. Futi 8,000 na nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kwenye mita ya ndege, ikishasahihishwa, noti 100 (maili za baharini kwa saa): jibu ni noti 115. Ukiweka hasi 10 badala ya chanya utapata kama 111, na namba hiyo haitakushtua kwa sababu inafanana na kweli. Tazama alama ya joto mara mbili.

Upande wa upepo ndio tunaoupenda. Chukua njia ya nyuzi 090, upepo kutoka nyuzi 030 kwa noti 20, kasi halisi noti 110. Weka 030 chini ya alama ya juu. Kutoka kwenye kitundu, panda noti 20 kwenye mstari mkuu, tia nukta kwa penseli laini. Zungusha mpaka 090 ifike juu. Nukta itahamia kushoto. Sogeza bamba hadi nukta ikae kwenye tao la 110. Chini ya kitundu soma kasi ya juu ya ardhi, kama noti 99. Nukta iko nyuzi 9 kushoto, basi pua ielekee 081. Kazi yote hiyo ni ya penseli moja na kidole cha kuzungushia diski, na hapo unamwona rubani ndani ya mhandisi.

Kosa linalorudi kila mara si la kifaa. Utabiri wa upepo wa juu hutolewa kwa kaskazini ya kweli, ile ya ncha ya dunia. Upepo anaousoma mwongozaji wa mnara redioni ni wa kaskazini ya sumaku, ile inayoonyeshwa na dira. Ukichanganya hizo mbili kwenye diski moja, hesabu itakuwa safi na pua itaelekea pabaya. Fanya yote kwa kaskazini ya kweli, badili kuwa ya sumaku mwishoni.

Futa nukta kila baada ya kipande kimoja cha safari, kwa raba laini na kitambaa kikavu. Nukta ya zamani iliyobaki hapo hufanana kabisa na mpya.