Tahadhari: Muuzaji wa matairi ya majira ya baridi aliyeniuzia matairi makuukuu yaliyochongwa upya

Ndugu zangu, nimekaa siku tisa bila kuandika neno lolote kwa sababu ya aibu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwahimiza wengine wakague magari yao kabla theluji haijaanza kuanguka. Leo naandika kwa hasira, na zaidi kwa hofu kwamba wako watu ambao hivi sasa wanawapakia watoto wao kwenye gari lililofungwa matairi ya mtu yule yule. Simtaji jina kwa kuwa malalamiko yangu yako mikononi mwa wanaohusika, lakini nyote mlioelekezwa kwake kwa njia niliyoelekezwa mimi mnamfahamu.

Nilimkuta amevaa ovaroli safi, na matairi manne yamesimamishwa ukutani, meusi, yanang'aa, hayana hata chembe ya vumbi. Kabla sijauliza swali alichomoa mfukoni kipimo cha kina cha mifereji, akakizamisha katikati ya kashata, yaani ile sehemu ya tairi yenye mifereji inayogusa barabara, akaniita niiname nisome kwa macho yangu: milimita 8. Akahamia tairi la pili, ikawa 8 tena. Aliniambia kwamba sheria za nchi nyingi zinadai milimita 1.6 tu, lakini kwenye theluji mtu anayejali familia yake hakubali kushuka chini ya 4, na nilijua kwamba hayo ni kweli. Nilipapasa ubavu wa tairi kwa kidole gumba, nikakiona kidole kimeteleza na kubaki na weusi wa mafuta ya kung'arisha, nikakifuta kwenye suruali. Wala sikujiuliza tairi lisilotumika lina haja gani ya kupakwa mafuta. Siku hizi tisa sijaacha kulifikiria lile kopo la mafuta ya kung'arisha ambalo lazima lilikuwa mahali fulani nyuma ya mlango wake.

Mtaniuliza kwa nini nilimwamini, nami najibu kwamba nilimwamini kwa sababu karibu kila alichosema kilikuwa sahihi. Nilipotaka kununua matairi mawili tu, alinikataza, akanieleza kwamba gari lenye matairi ya baridi mbele na ya kiangazi nyuma huzunguka lenyewe kwenye barafu, kwa kuwa nyuma hakuna kinachoshika. Alinieleza kwamba mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, na kwamba upepo ndani ya tairi hupungua kwa takriban psi 1 (kipimo cha msukumo wa upepo) kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6, hivyo nipime asubuhi gari likiwa bado halijatembea. Hata pale mke wangu aliposhtuka kuona tairi ni jembamba kuliko yale ya zamani, 185/65 R15 badala ya 195/65 R15, alikuwa na jibu: tairi jembamba hukata theluji na kufika kwenye ardhi vizuri zaidi kuliko pana. Hilo pia lina ukweli wake, na ndilo lililonimaliza.

Hapo ndipo alipopitisha uongo wake mkubwa. Matairi yangu ya awali yaliandikwa 91T ubavuni, na haya yaliandikwa 88Q. Nilipomwonyesha, alicheka kwa upole akasema kwamba kwa matairi ya baridi inaruhusiwa kushuka. Ni kweli inaruhusiwa kwingi, lakini kinachoruhusiwa kushuka ni ile herufi, ambayo ni ya mwendo: T ni kilomita 190 kwa saa na Q ni 160, na dereva anatakiwa tu asivuke mwendo huo. Nambari iliyo kabla ya herufi ni ya uzito, na hiyo haishuki kwa sababu ya msimu wowote. Tairi la 91 hubeba kilo 615, la 88 hubeba kilo 560. Yeye alizichanganya nambari na herufi kwa sentensi moja ya upole, na mimi niliyesoma karatasi za gari mara nyingi nikatikisa kichwa kukubali.

Wakati wa kufunga nilisogea nitazame, akanishika bega akanirudisha nyuma, akisema hataki mteja wake asimame karibu na jeki. Nilimshukuru kwa kunijali. Sasa najua alikuwa akigeuza ubavu wenye tarehe ya kutengenezwa uelekee ndani, upande ambao mtu haoni mpaka alale chini ya gari.

Safari yenyewe, ile niliyoifunga na familia yangu kwa matairi hayo, mnaijua, na wengine mlinisaidia kupakia. Mizigo ile haikuzidi kiwango cha gari, kwa maana ekseli ya nyuma inaruhusiwa kubeba hadi kilo 1,190, na matairi mawili ya 91 yangezibeba kilo 1,230 bila taabu. Matairi mawili ya 88 mwisho wake ni 1,120. Kwa hiyo nilikuwa nimepakia kihalali gari ambalo mtu mwingine alikuwa ameshalipunguzia nguvu, na kila kilomita tairi la nyuma lilikuwa likijipinda na kupata joto kuliko lilivyoundwa kustahimili.

Kwanza niliusikia mtetemo kwenye kiti, si kwenye usukani, nikadhani ni barafu iliyoganda ndani ya rimu. Kisha ukaja mlio wa kupigapiga chini ya buti ya gari, taratibu, halafu wa haraka, na kabla sijafikia kuondoa mguu kwenye mafuta kashata ya tairi la nyuma kulia ilibanduka yote kama ngozi ya ndizi na kuupiga ubavu wa gari kwa kishindo. Gari liligeuka. Nilimwona binti yangu kwenye kioo amefumba macho na kuziba masikio kwa mikono yote miwili. Tulisimama tukiwa tumeegemea tuta la theluji, na kwa rehema za Mungu hapakuwa na gari lililokuwa likija.

Fundi aliyekuja kulivuta gari ndiye aliyenifundisha kwa tochi yake kile ambacho ningepaswa kukitazama kabla ya kutoa fedha. Alinitaka nitafute vile vijinundu vya mpira vilivyomo ndani ya mifereji, vinavyoonyesha kwamba kashata imefika milimita 1.6. Nilipitisha kidole mfereji mzima wa tairi lililobaki zima, sikukuta hata kimoja. Akasogeza tochi, na chini ya mfereji nikaona uzi mwembamba wa waya ukimetameta. Mtu yule alikuwa amechukua matairi ya gari dogo yaliyokwisha, akaichimba mifereji kwa kisu cha moto mpaka karibu na nyaya za chuma, kisha akanipimia kina cha shimo alilolichimba mwenyewe. Kazi hiyo ya kuchonga upya hufanywa kwa matairi ya malori yaliyotengenezwa kwa nia hiyo na kuandikwa hivyo ubavuni, si kwa matairi ya gari la familia. Kwenye ubavu wa ndani, mwishoni mwa mfululizo wa herufi zinazoanza na DOT, palikuwa na tarakimu nne: 3211, yaani wiki ya 32 ya mwaka 2011. Binti yangu mkubwa alikuwa hajazaliwa.

Mtu kama huyu hafai kutozwa faini akarudi dukani kesho yake. Hakukosea hesabu wala hakudanganywa na aliyemletea bidhaa, kwa sababu mkono uliochonga ndio uliopima, na ujuzi aliotumia kunitahadharisha na barafu ndio aliotumia kunipeleka kwenye barafu. Nataka afungiwe biashara, vifaa vyake vichukuliwe, na afikishwe mahakamani kwa kuhatarisha maisha, wala asiishie kwenye kesi ya madai ya fedha. Alinipigia simu mara mbili akiniahidi kunirudishia fedha ikiwa nitanyamaza, na mara zote mbili nilikata. Tairi lililobanduka na yale matatu yaliyobaki nimeyahifadhi yakiwa na risiti yake, pamoja na picha za zile tarakimu.

Wanaoniuliza dalili, nimeshazitaja humu kwa kadiri moyo wangu unavyoruhusu: mafuta ya kung'arisha, vijinundu visivyokuwepo, tarakimu nne zilizofichwa, nambari ya uzito iliyo chini ya ile ya kwenye kibandiko cha mlango au karatasi za gari. Nimesahau jambo moja. Matairi yale yalikuwa na herufi M+S pekee, yaani matope na theluji, ambazo mtengenezaji anaweza kuziweka kwa kuangalia umbo la kashata bila jaribio lolote kwenye theluji. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, ile inayotolewa baada ya jaribio, haikuwepo, na nchi kama Ujerumani iliacha tangu Oktoba 2024 kuyatambua matairi yenye M+S peke yake kuwa ya baridi. Mtu yule alinionyesha M+S kwa kidole huku akitabasamu.

Mlionunua kwake msimu huu, naomba gari lisitoke leo. Chukueni tochi, mlale chini, msome ubavu wa ndani wa matairi yote manne. Mkikuta mifereji haina vijinundu au mwaka wa kutengenezwa ni wa zamani kama wa matairi yangu, msimpigie yeye kwanza, maana atakuja haraka kuyachukua. Pigeni picha, yaacheni yakiwa kwenye gari, kisha mniandikie ili malalamiko yenu yaunganishwe na yangu.