TAHADHARI: Muuzaji wa rili na fimbo za besi anayejificha nyuma ya "hukuipaka mafuta"

Wavuvi wenzangu, hasa mnaoanza kuvua samaki aina ya besi na mnatafuta seti ya kwanza mtandaoni, someni hii kabla hamjatuma hela kwa mtu.

Kuna muuzaji anazunguka na tangazo la seti kamili: fimbo ya kaboni, rili (kifaa cha kukunjia mshipi) yenye jina kubwa, mshipi wa fluorokaboni (plastiki nzito inayozama majini) na boksi la chambo bandia, vyote kwa bei iliyo chini ya nusu ya ile ya wauzaji wengine. Jina lake silitaji kwa sababu halitawasaidia. Ukurasa ukishajaa malalamiko anaufunga, kisha anaibuka na jina jingine na picha zilezile alizozichota kwenye katalogi za watengenezaji. Kisichobadilika ni mzigo wake na majibu yake, na hivyo ndivyo vya kumtambulia.

Mimi huwafungulia wenzangu rili, nazisafisha na kubadilisha beringi. Ndivyo nilivyokutana na bidhaa zake. Walionijia hawajuani, lakini malalamiko ni yaleyale: rili inakoroma, mkono wa rili unarudi nyuma wakati wa kumchoma samaki ndoana, dragi (breki inayoachia mshipi samaki akivuta) inashika halafu inaachia kwa kushtuka. Na kila mmoja, kabla hajafika kwangu, alikuwa ameshaambiwa na muuzaji kwamba kosa ni lake, hakuitunza rili.

Hilo linanikera kuliko ufeki wenyewe. Mtu anayeanza uvuvi anajua rili inahitaji matunzo, ila hajui ni kiasi gani, kwa hiyo akiambiwa amekosea anainamisha kichwa na kunyamaza. Muuzaji huyu anaishi kwa ukimya huo.

Basi niwaonyeshe nilichokikuta ndani. Rili moja ilikuwa ya beitikasta, ile ambayo spuli yake, yaani gurudumu linalobeba mshipi, inalala juu ya fimbo. Boksi limeandikwa beringi 12. Nilikuta mbili, moja kila upande wa spuli. Kwingine kote ni vibushi vya plastiki, yaani pete tupu zisizo na gololi. Gia kuu, ambayo kwenye beitikasta ya kueleweka mara nyingi huwa ya shaba ya njano, ilikuwa inang'aa vizuri tu kwa macho. Nikaikwaruza kwa ncha ya kisu, rangi ya dhahabu ikabanduka na chini yake pakatokea madini laini ya kijivu. Grisi ilikuwepo, tena tele, ila ilikuwa imegeuka uji mweusi wenye vimetameta, na vimetameta vile ndiyo meno ya gia yenyewe yaliyosagika. Sasa hapo unamwambiaje mtu hakupaka mafuta?

Rili nyingine mbili za watu wawili tofauti niliziweka ubavu kwa ubavu, nikazigeuza niangalie mguu unaokaa kwenye fimbo. Namba ya mfululizo ilikuwa moja, tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa ni namba ya kila rili na si ya modeli, rili halisi haizaliwi pacha namna hiyo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha ya mguu wa rili ileile atakayokutumia, namba ikisomeka, kisha mwandikie mtengenezaji umuulize kama anaitambua. Muuzaji mwenye mali halali atapiga picha hiyo kwa dakika moja. Huyu wetu hujibu "namba ni siri ya mteja", jibu lisilo na kichwa wala miguu.

Msihangaike sana na maandishi ya nchi iliyotengeneza. Wapo wanaodhani rili ya kampuni ya Kijapani ikiandikwa nchi nyingine basi ni feki, na tapeli anajua hivyo, ndiyo maana kila boksi lake linaandika Japani. Shimano ni ya Japani na ina rili halali kabisa zinazotoka Malaysia. Daiwa nayo ina zinazotoka Thailand. Neno Japani kwenye boksi halithibitishi kitu.

Hesabu ya beringi nayo isikutie wazimu hata kwenye rili halali. Beringi chache nzuri zinashinda kumi na mbili za ovyo. Lakini mzunguko wa gia unaweza kuupima mwenyewe bila bisibisi. Ikiandikwa 8.1:1, maana yake ukizungusha mkono mara moja, spuli inazunguka mara nane na ushee. Bandika kipande cha utepe kwenye spuli, zungusha mkono taratibu mzunguko mmoja kamili, hesabu. Hizi za huyu bwana zimeandikwa 8.1 na zinatoa tano na kidogo. Mwenye kuvua kwa jigi (ndoana yenye kichwa kizito) au mnyoo wa plastiki anahitaji rili ya kasi ili aukusanye ulegevu wa mshipi upesi kabla besi hajakitema chambo. Ya tano kwa moja ni nzuri kwa chambo kinachozama na kutikisika kwa kuvutwa polepole. Kwa hiyo umenunua kazi moja, umeletewa nyingine.

Dragi imetangazwa kilo 12. Hata ingekuwa kweli, ya nini? Kwa besi unaweka dragi kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi wako. Mshipi wa ratili 12, yaani kilo 5 na nusu hivi, unataka dragi ya kama kilo moja na nusu. Cha maana ni ulaini. Funga mshipi kwenye mizani ya ndoano, vuta pole pole, tazama mshale. Ukitulia, dragi ni nzima. Ukirukaruka, samaki mkubwa akikimbia ghafla atakukatia mshipi hata kama boksi limeandikwa kilo mia.

Fimbo sasa. Hapa ndipo ujanja ulipofika kileleni. Wateja watatu walinunua fimbo tatu zenye stika tofauti: moja nyepesi, moja ya wastani, moja nzito. Nikazibana kwenye meza, mpini umelala sawa, nikaning'iniza uzito uleule kwenye ncha ya kila moja. Zote zilijikunja sawasawa. Ni fimbo moja yenye stika tatu! Na zote zinajikunja hadi karibu na mpini, ilhali zimeandikwa za mkunjo wa haraka, ambazo zinatakiwa kukunjika theluthi ya juu tu ili ukivuta, nguvu ifike kwenye ndoana mara moja.

Juu ya fimbo hizo kuna maandishi makubwa ya "IM12". Hizo herufi zinawazuga wengi. IM6, IM7 na IM8 ni majina ya nyuzi za kaboni za kampuni ya Hexcel ya Marekani. Si kipimo cha ubora ambacho watengenezaji wote wa fimbo wamekubaliana, na mtu yeyote mwenye printa anaweza kuandika namba anayotaka. Isitoshe, kaboni ngumu zaidi si lazima iwe fimbo bora zaidi kwako. Kwa kawaida ugumu ukipanda, fimbo huwa nyepesi na yenye kuhisi vizuri, lakini pia haivumilii kugongwa. Kuna wavuvi wazuri tu wanaopendelea faibaglasi kwa chambo chenye ndoana za matawi matatu, kwa sababu inakubali kukunjika na haimng'oi samaki ndoana mdomoni.

Fimbo moja ililetwa ikiwa imevunjika. Muuzaji alijibu, "Uliinua fimbo juu sana." Nikubali ukweli: kuinua fimbo wima huku samaki yuko karibu na mtumbwi kunavunja hata fimbo ya maelfu, na mara nyingi inavunjika karibu na ncha. Hii ilikatika chini, juu kidogo ya mpini. Ukitazama ndani ya mkato unaona ukuta wa bomba upande mmoja mnene, upande wa pili mwembamba kama karatasi. Hilo si kosa la mvuvi.

Pete za fimbo zimeandikwa za kauri ya silikoni kabaidi. Mlizoletewa ni bati lenye rangi. Pitisha pamba taratibu ndani ya kila pete. Nyuzi zikinasa, pana ufa au kingo kali, na mshipi utaliwa hapo. Kisha weka jicho mpinini utazame hadi ncha: pete zikae mstari mmoja. Kwenye fimbo hizi pete ya tatu imegeukia pembeni kana kwamba imenuna.

Mshipi ndio uliowatoa wengi hela bila kujua mpaka leo. Umeandikwa fluorokaboni kwa herufi kubwa, na kwa herufi ndogo sana nyuma ya spuli imeandikwa kwamba "umepakwa" fluorokaboni. Huo ni nailoni yenye koti. Fluorokaboni halisi ina msongamano wa karibu 1.78 (maji matupu ni 1), nailoni karibu 1.14, na ule wa kusuka wa polyethilini karibu 0.97. Kwa hiyo kipimo kiko jikoni. Chukua glasi ya maji ya uvuguvugu, ongeza chumvi ukikoroga mpaka isiyeyuke tena, acha ipoe na itulie. Maji hayo yanafika kama 1.2. Kata kipande kifupi cha mshipi, kiloweshe kwa tone la sabuni ya maji ili viputo vya hewa visikishike, kizamishe kwa kijiti na uachie. Fluorokaboni itakwenda chini na kubaki huko. Nailoni itapanda juu, na koti lake jembamba halitaisaidia. Mshipi wake ulipanda.

Ule wa kusuka alioandika nyuzi nane, fumua ncha kwa sindano uhesabu. Ni nne.

Kwa chambo sitamaliza wino. Ndoana zinanyooka kwa kuvutwa na koleo dogo, na minyoo ya plastiki ilifika imegandana. Alisema ni joto la safari. Joto linaweza kuharibu, sawa, lakini minyoo ya aina tofauti za plastiki laini ikichanganywa mfuko mmoja huyeyushana hata bila joto kali, na aliyeichanganya ni yeye.

Sasa majibu yake, maana yanakuja kwa mpangilio uleule na yana hesabu yake. Kwanza anataka video. Ukimtumia, anasema paka mafuta uvue tena kidogo "ijizoeshe". Ukirudi, anaahidi kipuri, subiri. Halafu anakupa ofa ya kukurudishia sehemu ndogo ya hela, ila ufunge dai lako kwanza. Kila hatua inakula siku, na siku anazokula ni za muda wa kudai ulionao kwenye mfumo uliolipia. Muda ukiisha, hajibu tena. Usifunge dai kwa ahadi yoyote. Dai lililofungwa kwa kawaida halifunguki mara ya pili.

Na ili asiwapeleke na hadithi ya matunzo, jueni uzembe wa kweli unavyoonekana. Rili iliyoachwa na maji ndani ina kutu ya rangi ya chai kwenye beringi na skrubu za chuma. Iliyoliwa na chumvi ina unga mweupe kwenye alumini, na besi tunaowavua ni wa maji baridi, kwa hiyo akikuambia "chumvi imeila", muulize chumvi imetoka wapi. Iliyokosa grisi ina gia kavu, safi, zinazolia. Dragi iliyoharibiwa na mwenyewe mara nyingi ni ile iliyohifadhiwa ikiwa imekazwa miezi, visahani vyake vya ndani vikabanana, au iliyomiminiwa oili. Gia iliyosagika ndani ya grisi tele, kwenye rili mpya, ni madini mabovu.

Matunzo yenyewe wala si makubwa. Baada ya kuvua, futa rili kwa kitambaa chenye unyevu. Ukiisuuza, maji yawe ya kutiririka taratibu, yasiwe ya bomba la nguvu yanayosukuma mchanga ndani. Legeza dragi kabla ya kuihifadhi. Tone moja la oili kwenye beringi, grisi kwenye gia, visibadilishane. Ndoana usiitundike ndani ya pete ya fimbo, ina mahali pake karibu na mpini. Ikikwaruza kauri, umejitengenezea kisu cha mshipi. Ukiyafanya haya na rili bado ikasaga meno yake wiki za mwanzo, usikubali kubebeshwa lawama.

Kwa anayetaka kununua popote: tafuta picha ya tangazo kwa kutafuta kwa picha uone imeibwa wapi, angalia tovuti ilisajiliwa lini, soma maoni yenye picha, kwa sababu kwenye kurasa za huyu nilikuta maoni ya kusifia "rili" yaliyoambatanishwa na picha ya kava la simu. Lipa kwa njia inayokuruhusu kudai hela irudi. Akisisitiza umtumie moja kwa moja kama rafiki au ndugu ili "akupunguzie makato", achana naye.

Mzigo ukifika, washa kamera kabla ya kukata utepe wa boksi, usiizime mpaka namba ya rili ionekane. Siku hiyohiyo hesabu mizunguko ya spuli, pima mshipi kwenye maji ya chumvi, pitisha pamba kwenye pete. Usiifungue rili kwa bisibisi kama bado una haki ya kuirudisha, maana atasema wewe ndiye uliyeichokonoa. Vipimo nilivyovitaja hapo juu havihitaji kufungua chochote.

Na wewe ambaye tayari una seti yake na muda wa kudai haujaisha, fungua dai leo. Weka picha ya namba, video ya mzunguko wa gia na skrinishoti ya tangazo kabla hajalifuta. Akikuambia urudishe mzigo, mwambie atume anuani na gharama za usafirishaji ziwe zake, na uutume kwa huduma inayofuatilika hadi mlangoni.