Scrabble ya Kifaransa mezani Lubumbashi: pointi 21 za neno «wax»

Sanduku la Kifaransa la Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi zenye pointi, linalouzwa madukani katikati ya mji wa Lubumbashi lina vigae 102: mia moja vya herufi, na viwili vitupu tunavyoviita jokeri, ambavyo hushika nafasi ya herufi yoyote. Nalipendekeza kwa kila nyumba ambamo watoto wanasoma Kifaransa, kwa sharti nitakalolieleza baadaye. Kwa kulipima nimechagua neno fupi ambalo mama yeyote wa mitaa ya Katuba au Kamalondo alilijua zamani kabla ya kuuona ubao huu, nalo ni «wax», jina la kitambaa cha vikwembe.

Katika sanduku hili W ina pointi 10, A ina 1 na X ina 10, kwa hiyo vigae vitatu vinaleta 21. Anayefungua mchezo akiliweka juu ya nyota ya katikati, neno huhesabiwa mara mbili na kumpatia 42. Likifika kwenye mraba mwekundu wa pembezoni, unaohesabu neno mara tatu, linatoa 63, yaani zaidi ya zile 50 za nyongeza anazopewa mtu aliyemaliza vigae vyake saba kwa mara moja. «Wok» na «yak» nayo yana 21. Hata hivyo, kwa maoni yangu, faida kubwa ya «wax» si hizo pointi bali ni kukuondolea W. X haisumbui mtu, kwani Kifaransa kina «eux», «aux», «prix» na wingi wa majina chungu nzima, lakini W hung'ang'ania kibao cha mchezaji mpaka mwisho, na hapo pointi zake 10 hukatwa kwenye jumla yake. Tena jina linaloishia kwa X halipokei S ya wingi, hivyo mpinzani hawezi kupachika kigae kimoja cha S na kuvuna upya pointi ulizozihangaikia.

Neno lenyewe limetoka kwa Waingereza, ambao kwao ni nta ya kawaida, na katika sanduku lao lina pointi 13 tu, kwa sababu W ina 4 na X ina 8. Kifaransa kinaihesabu W kwa bei ghali kwa kuwa karibu maneno yake yote yenye herufi hiyo ni ya kuazima. Kitambaa kilipata jina hilo kutokana na ufundi wa watu wa Java, waliopaka nta mahali ambapo hawakutaka rangi iingie. Waholanzi waliuiga ufundi huo kwa mashine katika karne ya 19, wakitumia utomvu badala ya nta. Kampuni ya Vlisco ilianzishwa Helmond mwaka 1846, na soko kubwa la vitambaa hivyo likapatikana Afrika Magharibi, kisha kwetu. Utomvu ukipasuka, rangi hupenya katika nyufa na kuacha mishipa myembamba isiyofanana popote. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu katika soko la Mzee Kabila hugeuza kikwembe kwanza: wax ya kweli imekolea pande zote mbili, ilhali ya kuiga imepauka mgongoni. (Vlisco, ingawa lina V ya pointi 4, halikubaliwi ubaoni, kwa kuwa ni jina la pekee.)

Kamusi haimo ndani ya sanduku. L'Officiel du Scrabble, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1990, hununuliwa peke yake, na duka lililotuuzia mchezo halikuwa nayo. Kamusi ya Larousse ya shule inatosha kuamua magomvi mengi.

Sharti nililotaja ni kwamba sanduku hili lichezwe kwa Kifaransa tu. E ziko 15 na A ni 9, jambo ambalo katika Kiswahili lingepaswa kugeuzwa. K ni moja, W ni moja, na Q na X hazina kazi. «Kikwembe» chenye K mbili hakiandikiki bila jokeri. Nyumbani tumekata vigae vya ziada vya K, W, Y na A kutoka kwenye kartoni ngumu, tukaipa kila K na kila W pointi 2, na vile viwili visivyo na kazi hubaki sandukuni siku ya Kiswahili.