Tochi ya mfukoni: ipi ununue kama unakaa visiwani

Tochi yangu ya kwanza ya kujidai niliinunua soko la Darajani, Unguja, ile nyeusi yenye zumu ya kuvuta mbele, boksi limeandikwa betri 9900 mAh, yaani kiasi cha umeme inachobeba, na mwanga sijui wa kilomita ngapi. Nikaenda nayo pwani Makunduchi usiku kutafuta pweza, ilikuwa bamvua, maji yamekupwa kabisa, ikapata marasharasha tu wala haikuzama, ikazima hapohapo mie niko mwambani na maji yashaanza kujaa. Nikarudi kwa taa ya simu huku naomba isiniponyoke. Basi mpangilio wangu unatokana na usiku ule, kwetu huku adui wa tochi ni maji ya chumvi kwanza, mambo ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, baadae.

Ya kwanza kwangu mie ni tochi ya aluminiamu ya betri moja ya 18650, yenye tundu la kuchajia taipu C. Hiyo namba ni kipimo tu, unene milimita 18 urefu 65, kwa hiyo tochi yote inakuwa kama urefu wa kiganja na inakaa mfuko wa kanzu bila kuuvuta. Mie nnayo Wurkkos FC11, niliagizia, na Sofirn SC31 Pro ni ya ukoo huohuo. FC11 ina sumaku kitakoni, ukiharibikiwa na Vespa njiani unaibandika kwenye bodi mikono yote miwili inabaki huru, ila mashine ya boti usijisumbue, aluminiamu hainasi. Wanasema lumeni elfu moja na zaidi, ni kweli inatoa, lakini kwa dakika chache, kidude kidogo vile kinapata moto kinajipunguza mwanga chenyewe. Na huo mwanga wote wa nini? Kwenda msikitini alfajiri lumeni 50 zinakutosha na baki, na ndani ya nyumba kutafuta maji ya kunywa watoto wamelala unataka moja au mbili tu. Kwa hiyo muulize muuzaji mwanga wake wa chini kabisa ni upi, wengi hilo suali hawajawahi kulisikia.

Ya pili, na kwa mtu wa shamba huko Konde au Micheweni, Pemba, pengine ndio ya kwanza, ni ya betri moja ya AA. Mwanga mdogo, sawa, lakini betri unaipata duka lolote. Waliokuwepo Unguja umeme ulipozimika Disemba 2009 ukarudi Machi 2010 watanielewa, miezi mitatu ya kuchaji kwa jenereta la jirani. Ila betri za kawaida ukiziacha ndani muda mrefu zinavuja zinakula springi, zitoe. Na kuna betri ya 14500, umbo ni la AA hasa lakini ina volti 3.7, ukiitia kwenye tochi isiyoikubali umeiunguza, tochi kama Sofirn SP10 Pro inazikubali zote mbili.

Za kuning'iniza kwenye funguo ni za tatu. Nzuri kwa ngazi za maghorofa ya Michenzani na tundu la kitasa, basi. Pwani usende nayo.

Mwisho kabisa zile za zumu za plastiki. Zumu yenyewe ndio mlango wa maji, kile kichwa kinachovutwa mbele na nyuma kinanyonya unyevu kila ukikigusa. Na mwanga wake ukiubana unakuwa kidoto kimoja cheupe, kwenye maji haba unakurudia machoni huoni pweza wala chochote. Kwenye mwamba unataka mwanga wa kutandaa, na kama unaweza kuchagua rangi chukua wenye umanjano kidogo, ule mweupe wa buluu unafanya kila kitu kifanane na jiwe, na pweza kazi yake ndio hiyohiyo.

Dukani sasa. Tafuta IPX7 au IPX8, hizo ni alama za kuzuia maji. IPX7 maana yake imejaribiwa mita moja ndani ya maji kwa nusu saa, IPX4 ni marasharasha tu. Lakini majaribio hayo ni ya maji baridi, chumvi ina mambo yake, ukirudi pwani isuuze maji ya bomba mfuniko ukiwa umefungwa, ikikauka ndio ufungue uipake oringi, ile pete ya mpira ya mfuniko, mafuta ya silikoni kidogo. Betri ya 18650 ishike mkononi, ya kweli ina gramu 45 hivi na kuendelea, ikiwa nyepesi kama kibiriti irudishe, na ikiandikwa 9900 irudishe bila kuipima, maana nzuri za kawaida zinaishia kama 3500. Masaa yaliyoandikwa kwenye boksi nayo usiyaamini hivihivi, kipimo kinachotumika kinahesabu mpaka mwanga ubakie asilimia 10 ya ule wa mwanzo, kwa hiyo "masaa manne" mengine ni ya kupapasa.

Na kama ipo ya rangi ya chungwa chukua hiyo, hata wakikucheka. Yangu ya pili ilikuwa nyeusi vilevile, iliniponyoka kwenye mwani ikiwa imezimwa, nikaipata asubuhi.