Mashine za kuotesha mboga jikoni: kabla hujalipa, zima swichi

Malalamiko ya wasomaji kuhusu mashine za kuotesha mboga bila udongo yanafanana kama pacha. "Taa inawaka saa nane usiku, watoto hawalali." "Nimekwenda msibani siku nne, narudi nakuta miche imerefuka kama uzi." Ukirudi kwa muuzaji atakwambia mbegu zilikuwa mbovu. Mbegu hazina kosa. Kosa liko kwenye saa iliyomo ndani ya mashine, na hiyo muuzaji haigusi kabisa.

Idadi ya matundu ya kupandia, rangi ya plastiki, programu ya simu: hayo yameandikwa kwenye boksi, utayasoma mwenyewe. Kisichoandikwa ni mashine inafanya nini umeme ukikatika kisha ukarudi, au LUKU ikiisha usiku ukaja kuingiza tokeni asubuhi. Tabia ziko tatu. Zipo zinazokumbuka saa na kuendelea na ratiba yake. Zipo zinazowaka umeme ukirudi na kuanza kuhesabu upya, kana kwamba ndiyo kwanza zinatolewa kwenye boksi. Na zipo zinazobaki giza mpaka mtu aje abonyeze kitufe.

Hizo za mwisho ndizo zinazoua. Mche wa letusi uliochipua juzi ukikaa siku tatu gizani hupauka, hurefuka na kulala. Taa ikirudi, shina halina tena nguvu ya kusimama. Za kati nazo zina madhara yake. Chukua taa iliyopangwa kuwaka kwa saa 16, ikawaka saa 12 asubuhi. Umeme unakatika saa 2 usiku, unarudi saa 4. Mashine inaanza saa 16 nyingine hapo hapo, mpaka saa 8 mchana wa kesho. Mimea imepigwa mwanga saa 30 kati ya 32. Ikijirudia, giligilani hukimbilia kutoa maua, majani ya nyanya huwa manjano, na kingo za majani machanga ya letusi huungua kwa sababu jani linakua kuliko kasi ya kalisiamu kulifikia.

Kwa hiyo dukani usiombe kuonyeshwa jinsi taa inavyong'aa. Omba soketi. Washa mashine, weka ratiba, zima swichi ya ukutani, piga soga robo saa, washa tena. Iwe robo saa kweli, maana saketi nyingine hushika kumbukumbu dakika chache kisha husahau. Anayechomoa na kuchomeka haraka haraka hajakuonyesha kitu. Ukinunua mtandaoni, taka video ya jaribio hilo, na saa ionekane.

1. Click & Grow Smart Garden

Upendeleo wangu siufichi: hii ndiyo ya kununua. Ni ya kampuni ya Estonia iliyoanza 2009. Kusema kweli, toleo la kawaida (siyo Pro) nalo huanza kuhesabu upya likichomekwa: saa 16 mwanga, saa 8 giza. Lakini halisubiri kubonyezwa, na hilo ndilo linaloliokoa. Nunua soketi ya taima ya dijiti yenye betri ndani, iwashe saa 12 asubuhi na kuzima saa 4 usiku, kisha chomeka mashine humo. Umeme ukatike mara tano, taa itazimika saa 4 ile ile. Usinunue taima ya kuzungusha kwa mkono: umeme ukikatika saa mbili nayo inachelewa saa mbili, na ucheleweshaji unajumlishwa mpaka mwisho wa wiki usiku na mchana vimebadilishana.

La pili, haina pampu ya kuzungusha maji. Maji hupanda kwenye kapsuli (kile kikombe kidogo cha kuoteshea mbegu) kupitia utambi, kwa hiyo mizizi haijui kama umeme umekwenda. Virutubisho vimo ndani ya kapsuli. Wewe unamimina maji matupu tu, na kiboya kidogo kwenye kona hukuonyesha yamebaki kiasi gani. Kikizama, jaza. Tangi la matundu 9 hubeba lita 4, la matundu 3 lita 1.2. Taa ya matundu 9 ni wati 13, yaani kama uniti 6 za umeme kwa mwezi.

Kinachouma ni kapsuli. Zinaisha na lazima uagize nyingine. Agiza zile tupu, tia mbegu zako mwenyewe: mbili za rehani, au tano za mchicha uje upunguze zibaki mbili. Kifuniko cha plastiki kiondoe majani yakianza kukigusa. Ukichelewa, unyevu huleta ukungu. Sukuma wiki usiijaribu humu, itafunika jirani zake wote.

2. AeroGarden

Ya Marekani, ilianza kuuzwa 2006. Taa ina nguvu zaidi: Harvest ya matundu 6 ni wati 20, na Bounty ya matundu 9 huinuka hadi sentimita 60 hivi, kwa hiyo pilipili inawezekana. Ila ina pampu, na ina wasiwasi wa vipuri: mwaka 2024 ilitangazwa kuwa kazi zingefungwa tarehe 1 Januari 2025, wenye mashine wakakimbilia kurundika kapsuli, kabla jina hilo halijarudishwa sokoni. Halafu soma adapta. Ikiandikwa 120V peke yake, ukiichomeka kwenye 230V ya Tanzania au 240V ya Kenya utasikia harufu kabla hujaona mwanga. Unataka maandishi 100–240V.

Pampu ikisimama, hakikisha maji hayazidi theluthi mbili ya tangi ili mizizi ya juu ivute hewa. Dar mwezi wa Januari hili ni la lazima: maji yakipita nyuzi 25 hushika oksijeni kidogo, mizizi inakuwa ya kahawia, inateleza na kunuka.

3. Za pampu zisizo na jina

Mashine ile ile, majina thelathini. Nyingi ni za kubonyeza kitufe. Ikifaulu jaribio la robo saa, chukua.

4. Ndoo yenye mfuniko

Bila taa wala umeme, karibu na dirisha, kikombe chenye matundu kikigusa maji kwa chini tu. Letusi inakubali. Ndoo iwe nyeusi, la sivyo utafuga mwani.

Sasa wauzaji. Picha nzuri, mboga za kijani kama za tangazo, na chini yake: "Bei DM." Ukiingia DM unaulizwa uko wapi, na bei inapanda kulingana na mtaa unaoutaja. Mbaya zaidi ni wanaofungasha mbolea ya shambani iliyosagwa na kuiita ya mashine. Mbolea ya urea haifai humu, kwa kuwa hakuna udongo wenye bakteria wa kuigeuza iwe nitrati. Ya kweli mara nyingi huja chupa mbili, A na B, na kuna sababu: kalisiamu iko kwenye moja, salfeti na fosfeti kwenye nyingine. Ukizichanganya kabla ya kuongeza maji, unapata unga mweupe unaotua chini, na mmea hauli unga huo. Mimina A kwenye tangi lenye maji, koroga, ndipo utie B. Anayekuuzia chupa moja ya maji ya buluu kwa bei ya mbili, muulize kalisiamu iko wapi.